Kwa mdogo wangu uliyeko Muscat: Mkunguni tuwaachie wenyewe

Mdogo wangu,

Nimeusoma ujumbe wako kwenye kundi la familia, ule wa kutaka uwanja wa Mkunguni usafishwe. Unataka wauzaji wahamishwe, yawekwe marumaru na taa, na mbele ya Ngome ya Lamu pabaki peupe ili wageni wapate kupiga picha. Najua umesema kwa mapenzi. Walio mbali mara nyingi huipenda Lamu kuliko sisi tunaoikanyaga kila siku. Lakini nimeshindwa kunyamaza, na nakujibu hadharani kwa sababu fikra hiyo huna peke yako. Naisikia hata kwa watu wa hapa hapa.

Hebu ukumbuke mji wetu ulivyojengwa. Nyumba zimebanana, na viko vichochoro ambamo punda wawili waliobeba mchanga hawapishani mpaka mmoja arudishwe nyuma. Baridi ile tunayoisifu inatokana na huko kubanana. Sasa mji wa namna hiyo, ukiuondolea uwanja wake, watu wake wakutane wapi? Nyumba ya mtu huingii bila hodi. Msikitini kila mtaa una wake. Mkunguni ndipo wa mtaa wa Mkomani na wa mtaa wa Langoni wanapogongana, mwenye nyumba ya ghorofa na mchukuzi wa mizigo, na hapana wa kumwuliza mwenzake amefuata nini.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1813, ikamalizika 1821 kwa msaada wa Sayyid Said, mtawala wa huko huko uliko. Baadaye ikageuzwa jela, ikabaki jela hadi 1984. Mama zetu wamenunua mchicha na samaki miaka yote hiyo chini ya kuta ambazo ndani yake kuna wafungwa. Leo ni makumbusho, ina maktaba, na uani mwake tunafanyia harusi. Waliokaa ndani wamebadilika mara ngapi, na nje watu wameendelea kuuziana na kuamkiana.

Nenda asubuhi ukaangalie. Muuza samaki anamkata nguru vipande, anafuta kisu kwenye gunia, na huku anamtajia bei mteja aliye mbele yake. Bei hiyo wameisikia wote waliosimama. Akija mtoto aliyetumwa na bibi yake, na noti kaikunja kiganjani, hawezi kutajiwa nyingine, maana wapo watu wazima kushoto na kulia, na mmoja wao hakosi kuwa jirani wa huyo bibi. Huo ndio ulinzi wa mnunuzi tulio nao, nao hauna ofisi. Mfungie muuzaji yule kwenye chumba chake huko mwisho wa mji, kila mteja aingie peke yake, uone kama bei itabaki moja.

Alasiri uwanja unabadilika wenyewe. Kivuli cha ile miti ya mikungu kinasogea, wazee wanateremka na bao linawekwa. Muuza kahawa analipanga dele lake juu ya makaa. Anaowajua anawamiminia bila kuwauliza, anapokea kikombe, anakisuuza, anampa wa pili. Ukikaa pale utajua nani kafiwa na maziko ni baada ya sala gani, jahazi lipi limeingia, nani anatafuta fundi wa chokaa. Wapo waliogombania ukuta wa mpaka wakasuluhishwa pale barazani kabla shauri halijafika kwa hakimu, kwa kuwa kila mmoja aliona haya mbele ya wazee waliomjua baba yake. Haya ya namna hiyo huwezi kuijenga kwa marumaru.

Wala sisemi kwamba kila kitu pale ni kizuri. Nasema kama mwanamke: uwanja ule unatudai heshima na hautulipi yetu. Sisi tunaingia, tunanunua, tunaondoka. Mabaraza ni ya wanaume, kivuli ni cha wanaume. Mama muuza mboga anakaa chini kwenye jua hadi adhuhuri ikamkuta na kanga kichwani imelowa jasho. Na maji yanayotoka kwenye samaki yanatuama, hilo kweli kabisa, nami linaniudhi kama linavyokuudhi wewe.

Lakini angalia yaliyotokea 2001. Mwaka huo UNESCO iliuingiza mji wa kale wa Lamu kwenye orodha ya urithi wa dunia, kwa ajili ya majengo yake na utamaduni wake. Mwaka huo huo ilikitangaza kiwanja cha Jemaa el-Fnaa, pale Marrakech, Moroko, kuwa urithi usioshikika: wale wasimulizi wa hadithi, wapiga ngoma, waganga na wauza chakula wanaokusanyika pale. Nikifikiria hilo naona pengo letu. Kwetu, akitaka mtu kubomoa ukuta wa mawe ya matumbawe, ataulizwa kibali. Akitaka kumwondoa muuza kahawa, ataulizwa na nani?

Na usiniambie kwamba usafi na wauzaji haviwezi kukaa pamoja. Umefika Unguja, umekula Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya na kufunguliwa tena 2009, yakawekwa majani, njia na taa, na bado jioni wauza mishikaki na urojo wako pale pale na moshi wao, na watoto wa mjini bado wanajirusha baharini. Hata hiyo Muttrah, soko la huko Muscat uliyotutumia picha zake, watu hawaifuati kwa ajili ya sakafu yake.

Kwa hiyo nakuomba jambo. Wewe na wenzako mlioko Ghuba mna chama, na michango yenu huku inasikilizwa. Badala ya marumaru, pelekeni kwa kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa ombi la mfereji wa kutolea maji ya soko la samaki, bomba la maji safi, na choo cha wanawake chenye mlango unaofunga. Pawe na kibanda cha kivuli upande wa wauza mboga, na baraza ambalo mama ataweza kukalia na kikapu chake bila kuhisi amekaa mahali pa watu. Na ipandwe mikungu mingine sasa hivi, maana ile iliyopo imezeeka, na mti wa kivuli hauoti kwa mwaka mmoja. Mkilikubali hilo, nami nitazunguka nyumba kwa nyumba, Mkomani na Langoni, kuwakusanyia sahihi za wanawake.

Wasalimie watoto.

Dada yako