Barua kwa mwanangu: tazama mboga kwanza, ndipo upange mlo

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza namna ya kupanga chakula cha jioni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa bila mboga kuozea kwenye friji na bila pesa kukatika katikati ya wiki. Nakuandikia kwa kirefu, maana nataka ule vizuri hata siku unazorudi umechoka.

Wengi huanza kwa kuandika vyakula wanavyovitamani, kisha wanatoka kwenda kuvisaka. Bei inawaumizia hapo, kwa kuwa mboga isiyo ya msimu imesafirishwa kutoka mbali au imekaa sana ghalani. Wewe fungua kwanza friji na kabati uone kilichobaki, halafu uangalie ni mboga gani zimejaa sokoni na zipi zimewekewa punguzo, ndipo ushike kalamu. Andika aina ya mlo tu: supu, mchuzi wa mayai na mboga, wali wa kukaanga. Usiifunge kwenye mboga moja. Ukikuta maharage mabichi yamepanda na koliflawa imeshuka, mlo unabaki palepale, mboga ndiyo inayobadilika.

Panga milo minne, si mitano. Jioni moja iachie kiporo, kwa sababu lazima kitabaki kitu, na ukiwa na mpango wa siku tano kamili kilichobaki huishia jaani.

Mpangilio wa siku uamuliwe na kinachoharibika mapema. Spinachi, letusi na uyoga vipikwe Jumatatu na Jumanne. Brokoli, maharage mabichi na pilipili hoho vinaweza kungoja hadi katikati ya wiki. Kabichi, karoti, viazi na boga zima ni vya mwisho. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuanza na kabichi kwa sababu ndiyo iliyo mbele ya macho yake, na siku anapoikumbuka spinachi imeshageuka uteute chini ya droo. Nyanya nazo zichague kwa hatua: chache zilizoiva kabisa za kupika leo, nyingine zenye wekundu lakini bado ngumu, na chache zilizoanza tu kubadilika rangi kwa ajili ya mwisho wa wiki. Ziache nje ya friji mpaka ziive, baridi inazipotezea ladha.

Kwa kiasi, kadiria gramu 200 za mboga kwa mtu mmoja baada ya kumenya. Mboga laini za majani ziongeze mara mbili, maana zikiingia kwenye sufuria hunywea sana.

Sasa ofa. Usiangalie bei ya pakiti, gawanya bei kwa uzito upate bei ya kilo, kwa sababu pakiti kubwa si rahisi kila mara. Ofa ya "nunua mbili upate ya tatu" inafaa kwa mchele, maharage makavu na nyanya za kopo. Kwa letusi ni hasara, hata ikiwa ya tatu ni ya bure. Kuku aliyepunguzwa bei kwa sababu tarehe imekaribia mpike siku hiyohiyo, au mkate vipande vya mlo mmoja mmoja, mtandaze kwenye mfuko bapa usiozidi sentimita 3 na umgandishe. Donge kubwa huyeyuka nje huku katikati bado ni barafu. Myeyushie ndani ya friji tangu usiku uliotangulia, usimwache mezani.

Chungu kimoja cha maharage kinaweza kukubebea jioni mbili au tatu. Loweka gramu 500 kwa saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, weka mapya, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto. Usiziruke dakika hizo, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na moto mdogo peke yake hauitoshi. Nyanya au ndimu zisubiri mpaka yalainike, la sivyo uchachu utayafanya yakae magumu. Utapata zaidi ya kilo moja iliyoiva. Gawa na ugandishe.

Msimu ukifurika, nunua zaidi ya wiki moja. Nyanya zinagandishwa zima zima, na ukizipitisha kwenye maji ya uvuguvugu ganda linavuka lenyewe. Maharage mabichi yatumbukize kwenye maji yanayochemka dakika 3, yahamishie mara moja kwenye maji baridi sana, yakaushe kwa kitambaa, yatandaze kwenye sinia yagande, kisha ndipo uyatie mfukoni. Ukiyagandisha bila kuyachemsha, vimeng'enya vyake, yaani vitu vya asili vinavyoharakisha mabadiliko ndani ya mboga, vinaendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na baada ya muda rangi na ladha vinaharibika. Ukiyaweka na maji yake, yanakuwa bonge moja.

Katika kuhifadhi, yatenge maembe, ndizi na tufaha mbali na majani, kwa kuwa matunda hayo hutoa gesi ya ethilini inayoyafanya majani kuwa ya njano. Majani yafunge makavu ndani ya kitambaa. Karoti zikate majani, yanazinyonya maji. Viazi na vitunguu visikae pamoja, na viazi viwe gizani, maana mwanga huvifanya vya kijani na vichungu.

Kiporo kiingie friji ndani ya saa 2, kwenye chombo kipana chenye kina kifupi kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku 3. Wali ule kesho yake tu, ukipashwa hadi utoe mvuke kote, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kupikwa na huamka ukiachwa uvuguvugu.

Bandika karatasi kwenye mlango wa friji, uandike kila ulichotupa na sababu yake: kilikuwa kingi, kilisahaulika, au kililowa. Kabla ya kununua tena, isome. Kilichoandikwa mara mbili, punguza nusu.

Mama yako