Wazee hawajatupwa

Ndugu Mhariri,

Juma lililopita msomaji mmoja aliandika humu kwamba Wazungu "wametupa wazee wao". Mimi nahudumia wazee majumbani kwao hapa Dortmund, Ujerumani, mwaka wa sita sasa, na sikubaliani naye.

Saa moja kasoro robo asubuhi huwa nimeshafika kwa bibi mmoja wa miaka 93. Kazi yangu kwake ni fupi: kumvisha soksi zile ndefu za kubana miguu, ambazo kuzipandisha hadi gotini ni mieleka, na kuhakikisha amemeza dawa. Kumwogesha, kumpikia, kuamka naye usiku, yote hayo ni ya binti yake. Binti mwenyewe ana miaka 69 na goti limemwisha. Siku nyingine namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda cha mama yake, sijui nianze kumwinua nani.

Mwishoni mwa 2023 waliohitaji kutunzwa nchini humu walikuwa karibu milioni 5.7. Zaidi ya wanne katika kila watano walikuwa nyumbani, wengi mikononi mwa ndugu zao. Makao ya wazee tunayoyasema sana ni ya wachache, tena ghali: mkazi aweza kutoa mfukoni karibu euro 3,000 kwa mwezi.

Walichotuzidi ni kuliandikia jambo hili sheria. Tangu 1995 ipo bima ya utunzaji, inakatwa kwenye mshahara kama ile ya afya. Asiye na mtoto anakatwa zaidi, kwa hoja kwamba hakuzaa wachangiaji wa kesho (mimi ninao wawili, nimepona). Mzee hupimwa anahitaji msaada kiasi gani na kupewa daraja, la 1 hadi la 5. Kuanzia la 2, akitunzwa na nduguye, hulipwa posho kila mwezi, na bima hiyo yaweza pia kumchangia pensheni huyo anayemtunza. Binti niliyemtaja alipunguza saa zake za ukarani alipokuwa na miaka 58. Miaka ile ya kumwogesha mama yake imo kwenye pensheni anayoipokea leo.

Sisemi ni peponi. Waliozaliwa kwa wingi miaka ya 1960 ndio wanaostaafu sasa, umri wa kustaafu unasogezwa hadi 67 ifikapo 2031, na wahudumu hawatoshi. Ndiyo maana tumeitwa. Katika kikosi chetu cha watu tisa, Wajerumani ni watatu.

Mama yangu yuko Korogwe, Tanzania, anatunzwa na dada yangu, aliyefunga genge lake la mboga miaka mitatu iliyopita. Yeye hana daraja wala posho, ana hela ninazotuma kila tarehe 28, nikishalipwa kwa kumvisha soksi mama wa mwenzangu. Msomaji huyo akishika kalamu tena, namwomba aandike habari za dada.

Mhudumu wa wazee,
Dortmund, Ujerumani