Kwa madereva wa malori na matingo wao: msiisubiri Jumapili

Wanangu mnaoshika usukani kati ya Dar na Tunduma, na nyinyi matingo mnaokula vumbi pamoja nao, Bwana Yesu asifiwe.

Kabla ya kuwa mzee wa kanisa hapa Uyole, Mbeya, nilikalia kiti cha semi miaka 26. Kwa hiyo mnaponiambia, "Mzee, sisi kanisa tunaliona kwa dirisha la gari," nawaelewa. Jumapili hii imekukuta Mikumi, ijayo itakukuta kwenye foleni ya mpakani. Basi wengi mmeahirisha: nikipata kazi ya mjini nitarudi kwa Mungu.

Mimi pia niliahirisha. Nilibandika "Yesu ni Bwana" kwenye kioo cha mbele, nikaiachia stika isali kwa niaba yangu. Halafu siku moja nashuka mlima Kitonga na shaba ya Zambia, breki zinanuka, utingo kakamata mlango. Siku hiyo niliomba, tena kwa sauti. Tukafika chini salama. Jioni ile ile nikamnyonyea mtu madumu mawili ya dizeli ya tajiri mwenye gari. Chakula kilipoletwa nikainamisha kichwa kushukuru, mikono inanuka dizeli, utingo ananitazama na tonge lake mkononi. Amina haikutoka. Nilipofika Dar nikamweleza tajiri. Hakunisifu, alinikata posho ya safari mbili. Lakini tangu hapo nikaweza kusali tena. Nawaambia kwa sababu wengi mnalalamika kwamba Mungu yuko mbali, kumbe katikati yenu kuna dumu.

Suala la muda halinisumbui sana. Barabara yenu imejaa mahali pa kusimamishwa. Mimi kila mizani ya kupimia malori niliipa watu wake: ya kwanza mke wangu (enzi zetu ilikuwa Kibaha, siku hizi Vigwaza), Mikese watoto, Makambako mama mzazi, na pale Mpemba, karibu na Tunduma, wale ninaodaiana nao. Foleni ikiwa ndefu, watu wanapata maombi marefu. Nehemia aliulizwa swali na mfalme, akamwomba Mungu wa mbinguni, ndipo akajibu. Maombi ya namna hiyo hata mbele ya trafiki yanawezekana. Ila usifumbe macho kwenye usukani.

Neno nalo lisome safarini. Yule towashi wa Kushi katika Matendo 8 alikuwa njiani kutoka Yerusalemu, ameketi garini mwake anasoma Isaya, na Filipo alimsikia, maana yake alikuwa anatoa sauti. Hakuwa dereva, kwa kuwa tunaambiwa aliamuru gari lisimame. Kwa hiyo nafasi hiyo ni ya utingo: soma kwa sauti, dereva asikie. Sisi Wamoravian tuna kijitabu chenye neno la kila siku, desturi iliyoanzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728. Kinaingia mfuko wa shati.

Ya usiku wa Tunduma sitayaandika. Mnayajua na mimi nayajua. Nitasema tu kwamba saa tatu usiku mpigie mkeo simu, msali pamoja kabla hujatoka kwenda popote. Ukishasali naye, kuna milango utaona aibu kuipita.

Na laleni. Kuna kijana aliniambia anakesha kwa mirungi siku mbili mfululizo, kisha anashangaa mbona hasikii chochote akiomba. Eliya alipochoka hadi akataka kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili akamwambia ainuke ale, maana safari ni kubwa mno kwake. Egesha gari, mwanangu.

Nyumba yangu iko karibu na barabara. Ukipita Uyole unaelekea Tunduma, piga honi mara mbili. Nitakuombea mpaka nikadirie umeshafika Mpemba.