YAH: Kasoro za usalama katika vani mliyoibadilisha kuwa ya kubebea pikipiki za motokrosi na kulala

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tunaleta malalamiko kuhusu kazi mliyofanya kwenye vani yetu ya mizigo. Makubaliano yalikuwa gari moja lenye kazi mbili: kubeba pikipiki mbili za motokrosi na kulaza watu wawili kwenye kitanda kilicho juu ya pikipiki hizo. Ninyi mmejenga stoo ya pikipiki na chumba cha kulala kana kwamba hewa ya chini haifiki juu. Kazi ya seremala hatuna neno nayo. Viungo vya mbao ni safi. Lakini kasoro mbili kati ya tunazozieleza hapa zinaweza kuua, na tunaomba zisomwe na fundi, si na ofisi ya mauzo peke yake.

Tuanze na sakafu. Chini ya mpira wa milimita 3 mmeweka plaiwudi ya milimita 12, na chini yake povu gumu la kuzuia joto lenye unene wa milimita 25. Pete za kufungia mikanda ya pikipiki zimeshikwa na bolti za M8 (kipenyo cha milimita 8) zinazopita tabaka zote hizo hadi chini ya bati, ambako kuna washa za kawaida tu, yaani vile vibati vya duara vya chini ya nati. Povu haliwezi kubeba mkazo wa bolti. Mwanzoni nati hukaza vizuri, kisha povu hubonyea kidogo kidogo, plaiwudi hushuka, na bolti hulegea hata kama nati haijazunguka. Ukikaza tena, povu linabonyea tena. Kwa sasa pete zote za mbele zinacheza kwa kuzishika na mkono.

Pikipiki moja yenye injini ya ujazo wa sisi (cc) 450 na mafuta ndani ina uzito wa karibu kilo 115, kwa hiyo mbili ni kilo 230. Breki kali kwenye lami kavu huusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayoweza kufika asilimia 80 ya uzito wake, yaani kama kilo 185 kwa mkupuo mmoja, mbali na mkazo wa mikanda ambao haupumziki hata gari likiwa limeegeshwa. Na mbele ya mzigo huo wamekaa dereva na abiria.

Bati la sakafu ya vani ni jembamba na lina matuta. Baadhi ya washa zenu zimekaa juu ya tuta, zikalikunja bati na kupasua rangi. Matundu nayo hayakupakwa rangi ya kuzuia kutu. Maji ya matope yanayochuruzika kutoka kwenye pikipiki yanaingia hapo na kunaswa kati ya povu na bati, mahali ambapo hakuna atakayeona kitu hadi kutu iwe imeshatoboa.

Dawa yake inajulikana. Kila bolti ipite ndani ya kipande cha bomba la chuma chenye urefu wa milimita 37, sawasawa na povu na plaiwudi kwa pamoja, ili chuma kibane chuma na povu libaki na kazi yake ya joto. Bolti ziwe M10 za daraja la uimara 8.8, zenye nati za kujifunga. Chini ya bati kuwe na bamba la chuma la milimita 100 kwa 100, unene milimita 4, lililokaa kwenye sehemu bapa na kuzungushiwa silikoni baada ya rangi. Kabla ya kutoboa, fundi aingie chini ya gari atazame tangi la mafuta na mabomba ya breki yamepita wapi.

Hata zikikazwa hivyo, pete za mbele ziko mahali pasipofaa. Mmezifunga moja kwa moja chini ya usukani wa pikipiki, kwa hiyo mkanda unashuka wima. Mkanda wa wima unazuia pikipiki kuruka, hauizuii kulala ubavu. Zisogezwe mbele ya usukani na kutanuliwa kwa nje, mkanda uvute kwa nyuzi karibu 45 na gurudumu la mbele liegemee kizuizi chake. Mkanda mwingine ushike gurudumu la nyuma. Pia mmezipanga pikipiki sambamba kabisa. Usukani mmoja una upana wa sentimita 80 hadi 82, na baada ya mbao zenu za ukutani ndani pamebaki sentimita 165, hivyo mikono ya klachi na breki inasugua ukuta. Pikipiki moja irudi nyuma sentimita 30. Reli ya aluminiamu yenye matundu ingewaruhusu wateja kupanga wenyewe, na kwa maoni yetu ndiyo mngeiweka tangu mwanzo.

Sasa hewa. Mvuke wa petroli ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo hutambaa sakafuni na kujikusanya. Kiasi kinachozidi kidogo asilimia 1 ya hewa kinatosha kuwaka. Pikipiki yenye kabureta hudondosha mafuta kupitia mpira wake wa kufurikia, na kifuniko cha tangi la pikipiki yoyote hupumua. Ninyi mmeweka feni ya paa peke yake, bila tundu lolote chini. Feni hiyo inavuta hewa ya juu, na mvuke unabaki pale ulipo. Tunataka matundu mawili sakafuni, yenye wavu, katika pembe zinazopingana za sehemu ya pikipiki, na yasiwe karibu na ekzosi, yaani bomba la moshi.

Hita ya dizeli ndiyo inayotutisha zaidi. Mmeifunga sakafuni, kando ya gurudumu la pikipiki, na bomba lake la kuvuta hewa ya kuunguzia linaishia ndani ya gari. Maana yake ni kwamba chumba cha moto kinavuta hewa ileile yenye mvuke wa petroli. Bomba hilo ni lazima lipite sakafuni na kuishia nje. Ekzosi ya hita nayo inaishia chini ya mlango wa pembeni, kwa hiyo mlango ukifunguliwa usiku moshi wenye kaboni monoksidi unaingia kwa waliolala. Ipelekwe hadi ukingo wa gari, upande usio na mlango, na kengele ya kaboni monoksidi ifungwe usawa wa kichwa cha anayelala. Hamkuweka hata moja. Pampu ya mafuta ya hita mmeilaza. Iinamishwe, upande wa kutolea mafuta ukiwa juu, la sivyo viputo vya hewa vinaizimisha hita. Tena swichi kuu ya umeme inaikatia hita umeme papo hapo, wakati inahitaji dakika kadhaa za kujipoza kabla ya kuzima. Ipewe waya wake wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, wenye fyuzi.

Umeme kwa kifupi: chaja ya ampea 30 mmeivutia waya wa milimita za mraba 4 kwa umbali wa mita 5. Kwenda na kurudi ni mita 10, na volti 1.3 zinapotea njiani. Waya wa milimita za mraba 16 ungepoteza chini ya volti 0.4. Fyuzi ya ampea 60 mliyoweka ni kubwa kuliko uwezo wa waya huo, tena iko kwenye chaja badala ya kuwa jirani na betri ya gari, hivyo karibu waya wote hauna ulinzi, na unapita kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kuukinga usikatwe.

Kimo cha kitanda, sentimita 135, ni sahihi. Ila fremu yake ishikwe kwenye nguzo za bodi, kwa sababu nati za kubana (zinazobanwa ndani ya tundu la bati) mlizoweka kwenye bati la ubavu zimeanza kuzunguka. Ubao wa chini ya godoro utobolewe matundu ya milimita 40 ili unyevu utoke.

Tunawapa siku 14 tangu kupokea barua hii kulichukua gari na kurekebisha haya yote kwa gharama yenu, mkianza na hita na pete. Mkishindwa, mturudishie fedha za sakafu, hita na umeme, ili kazi ifanywe na fundi mwingine. Gari likirudi tunataka mchoro wa nyaya, picha za chini ya gari zinazoonyesha kila bamba, na hati ya mizani ya kila ekseli pikipiki zikiwa ndani, maana hamkutueleza ni kilo ngapi zimebaki za kubeba. Hadi hapo hita haitawashwa na pikipiki hazitapakiwa.

Picha za kila kasoro zimeambatishwa. Jibu lenu liwe la maandishi, likiwa na saini ya fundi aliyesimamia kazi hii.

Wenu,
Wamiliki wa gari