Injini inayotoa moshi baada ya kufungwa isihukumiwe haraka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wenye magari, mafundi na wauzaji wa injini za mtumba kuhusu jambo linalotugharimu sana sisi wakazi wa mikoa ya Kusini. Injini ikishabadilishwa, kisha gari likawashwa likatoa moshi na kutetemeka, neno la kwanza linalosikika gereji ni kwamba injini ni mbovu, irudishwe ilikotoka. Neno hilo aghalabu husemwa kabla mtu hajashika hata spana. Kwa maoni yangu, nyingi kati ya injini zinazohukumiwa hivyo hazina kosa. Kosa limo katika namna zilivyofungwa, au katika vitu vya zamani vilivyobakizwa garini.

Nasema hivyo kwa yaliyonikuta mwenyewe. Nina Toyota Corolla 110 yenye injini ya 5A, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa ikila oili kiasi kwamba nilizoea kutembea na kopo kwenye buti. Mwaka jana mwezi wa Septemba, kabla minada ya korosho haijaanza, niliamua kununua injini ya aina hiyo hiyo kutoka Dar es Salaam. Ilinunuliwa Jumatatu, ikapakiwa kwenye lori na kulazwa ubavu juu ya magunia, na ikasafiri zaidi ya kilomita 550 mpaka kufika Mtwara Alhamisi. Risiti ilikuwa na dhamana ya siku 7, na muuzaji alikuwa amepaka rangi nyeupe kwenye bolti za silinda hedi, yaani kichwa cha juu cha injini, ili ajue kama zimeguswa: zikiguswa, dhamana imekufa.

Ijumaa jioni injini ilikuwa imekwishafungwa. Ilipowashwa ilitoa moshi mweusi uliochanganyika na bluu, na kwa dakika chache tu ukuta wa banda la gereji, mkabala na bomba la moshi, ulipata doa la masizi lenye ukubwa wa sinia. Kwenye sailensi, yaani injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, gari lilitetemeka hadi kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi chochote. Fundi aliniambia, kwa upole kwa kweli, kwamba nimeuziwa injini iliyochoka, na kwamba kesho yake asubuhi angefungua silinda hedi aone ringi za pistoni na valvu zilivyo. Nilimwomba asiguse kitu mpaka nirudi.

Jamaa yangu mmoja alinielekeza kwa fundi mtu mzima wa Mikindani. Alikuja kwa bodaboda akiwa na kifuko cha turubai. Maswali yake mawili ya kwanza hayakuwa yameulizwa na mtu yeyote: injini ilisafirije, na ile ya zamani iliondolewa kwa sababu gani. Nilipomjibu kwamba ilisafiri imelazwa, na kwamba ya zamani ilikuwa ikiunguza oili, alitikisa kichwa akasema, "Basi mwalimu, nusu ya moshi huu hata hatujui kama ni wa injini hii."

Alianza na stiki ya oili. Oili ilikuwa juu sana ya alama ya mwisho, kwa sababu kopo zima la lita 4 lilikuwa limemiminwa ilhali injini hiyo huhitaji takriban lita 3. Oili inapozidi, kranki huipiga ikafanya povu, nayo hupenya kwenye njia ya kupumulia na kuingia inakoingia hewa, kisha huungua na kutoa moshi wa bluu. Aliipunguza mpaka ikafika kwenye alama. Akafungua plagi zote 4 na kuzipanga kwa utaratibu kwenye kipande cha gazeti, huenda likawa gazeti lako hili hili. Zote zilikuwa na masizi meusi makavu yanayofanana. Hapo alinieleza jambo ambalo nimelikumbuka hadi leo: plagi iliyolowa oili huwa na utelezi na mng'ao, bali masizi makavu ni dalili ya petroli kuzidi, na kama plagi 4 zinafanana, ugonjwa hauko kwenye silinda moja, uko mahali ambapo silinda zote zinalishwa.

Kabla ya kuendelea alipima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Alichomoa nyaya za nozeli zinazopuliza petroli na kuzima njia ya cheche, akanikalisha ndani nikanyage pedali ya mafuta hadi mwisho huku stata ikizungusha injini, akasoma geji silinda moja baada ya nyingine. Tatu zilifika 12.5, moja 12, kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Akasema kinachoangaliwa si ukubwa wa namba peke yake. Silinda zisipishane sana, na tofauti ikizidi kilo 1 ndipo mtu aanze kuwa na shaka. Kama silinda moja ingekuwa chini, angetia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na kupima tena: namba ikipanda, ringi zimekwisha, isipopanda, mtu atazame valvu au gasketi ya hedi. Kazi yote hiyo haikuchukua nusu saa, na rangi nyeupe ya muuzaji haikuguswa.

Kisha akafuata mipira ya hewa mmoja mmoja kwa vidole, kama mtu anayehesabu tasbihi. Katika gari langu kuna mpira mwembamba, haufiki unene wa kidole cha mwisho, unaotoka kwenye manifoldi ya kuingizia hewa na kwenda kwenye sensa inayopima mvuto wa hewa hiyo. Mpira huo ulikuwa wa injini ya zamani, umekauka kwa joto, na ncha yake ilikuwa imechanika chini ya kibano ambapo jicho halifiki. Sensa ikikosa mvuto hupokea hewa ya nje, na kompyuta huamini kwamba gari linapanda mlima wa Newala na abiria watano, ilhali limesimama kivulini. Basi hutia petroli nyingi, moshi unakuwa mweusi na injini inamisi, yaani inawaka kwa kurukaruka. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka kwa sababu sensa ilikuwa nzima na nyaya zake zilikuwa nzima. Kilichoharibika ni mpira. Alikata sentimita 2 za ncha ile, akaurudisha, akawasha. Mtetemo ulikoma palepale, na moshi mweusi ukaisha.

Ulibaki wa bluu, mwepesi lakini unaonekana. Fundi wa kwanza, aliyekuwa amesimama nasi muda wote, alisema hapo sasa ni ringi. Mzee hakumbishia. Aliingia chini ya gari, akalegeza nati za bomba la moshi pale linapoungana na manifoldi ya kutolea moshi, akalishusha kidogo, akaniamuru niwashe. Kelele iliwakusanya watoto wa mtaa mzima, lakini hapo kwenye manifoldi hewa ilitoka safi, haina rangi. Alichukua waya akachokoa ndani ya bomba na kutoa tope jeusi la oili: mabaki ya mwaka mzima ya injini iliyokufa, yaliyoanza kuungua upya baada ya kupata joto. Tulirudisha bomba, nikaenda Naliendele na kurudi, na Jumapili nikaenda hadi Mnazi Mmoja. Niliporudi Mtwara jioni moshi ulikuwa umekwisha, na haujarudi.

Sidai kwamba kila injini ya mtumba ni nzima. Zipo zilizokaa muda mrefu hata sili za valvu zimekauka kuwa kama plastiki, na hizo hutoa moshi wa bluu hasa asubuhi gari likiwashwa au mtu anapoachia pedali kwenye mteremko. Zipo zilizoungua gasketi. Katika hili la gasketi nataka niseme neno, kwa kuwa vitabu vya magari hutuambia moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni wa kimiminika cha rejeta kinachovuja ndani ya silinda. Huku kwetu wengi tunatia maji ya bomba au ya visima vya pwani vyenye chumvichumvi, kwa hiyo harufu hiyo tamu haipo, na mtu anayeingoja ataendelea kuendesha gari huku maji yakiingia kwenye oili. Afadhali aangalie kama maji yanapungua bila kuvuja nje, kama rejeta inatoa mapovu injini ikiwa imewashwa, na kama oili imekuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwenye dizeli mambo ni tofauti kidogo, kwani moshi mweupe unaochoma macho mara nyingi ni mafuta yasiyoungua, na jambo la kutazama kwanza ni jinsi pampu ya dizeli ilivyosetiwa.

Yapo pia makosa madogo ya kufunga. Nyaya za plagi zikipishanishwa, injini nyingi za Toyota za silinda 4 ambazo huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2 hutetemeka kana kwamba zimevunjika ndani. Mkanda wa taimingi ukiruka jino moja, injini hukosa nguvu na sailensi hailali. Waya wa ethi ukisahauliwa, hakuna sensa inayosema kweli.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. La kwanza ni kwa mafundi wenzetu wa Mtwara, Lindi na Masasi: geji ya kompresheni si kifaa cha anasa, na injini ya mtumba ingepimwa ikiwa bado iko chini, kabla haijaingia garini, pamoja na kubadilishiwa mipira yote ya hewa badala ya kuhamishiwa ile iliyokauka. Chuo cha VETA kilichopo hapa Mtwara kingeweza kuandaa mafunzo mafupi ya jioni juu ya upimaji huu kwa mafundi walio kazini, ambao wengi wana mikono mizuri sana na wamekosa tu mtu wa kuwaonyesha utaratibu. Fundi wangu wa kwanza ni mmoja wao, na wala sina kinyongo naye.

La pili ni kwa wauzaji. Dhamana ya siku 7 inayoanza kuhesabiwa dukani humfaa mteja anayefunga injini yake Dar es Salaam siku ileile. Kwangu mimi ilikwisha Jumatatu iliyofuata, injini ikiwa na siku 3 tu tangu iwashwe, na kama ningekubali hedi ifunguliwe Jumamosi ile, ningeipoteza hata kabla ya siku hizo. Wauzaji waandike kwenye risiti namba za kompresheni za kila silinda pamoja na namba ya injini, ambayo hata hivyo mteja anaihitaji ili kurekebisha kadi ya gari TRA, na dhamana kwa wateja wa mikoani ianze siku injini inapopokelewa. Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa pia jukumu la kumlinda mlaji, ingefanya vyema kulitazama suala hili la dhamana, kwa kuwa mteja wa Tandahimba na mteja wa Ilala wanalipa bei ileile.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Magomeni, Mtwara.