Mwanangu, Usisomee Masikio Yangu

Mwanangu mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu maneno mengi hunipotea, na jambo hili sitaki lipotee hata nusu yake. Barua nitaitia katika droo ya meza yako ya kusomea kabla hatujaipakia garini, nawe utaikuta chuoni Lawrence utakapokuwa unatafuta mahali pa kuweka kalamu zako. Isome peke yako kwanza. Ukitaka kumsomea mama yako baadaye, msomee, kwa maana yeye ndiye aliyenipa nakala ya insha yako ya kuombea ufadhili wa masomo, na anajua sijapata utulivu tangu niisome.

Siku ile ninyi mliopata ufadhili mlipopigwa picha katika komisari, lile duka la vyakula la wanajeshi, kila mmoja wenu aliposimama kueleza anakusudia kusomea kazi gani, mimi nilikuwa nyuma kabisa, kando ya majokofu ya maziwa, na mngurumo wake uliwameza nyote. Niliwaona midomo ikicheza. Wengine walipopiga makofi nami nikapiga. Ni mama yako aliyenieleza tukiwa garini kwamba mmoja anataka uuguzi, mwingine ualimu ili awasaidie watoto wanaobadilishwa shule kila baada ya miaka miwili au mitatu, na yule kijana mrefu ambaye mama yake yuko Korea anataka uhandisi wa kutengeneza miguu na mikono ya bandia. Kisha akaniambia wewe umetaja audiolojia, taaluma ya kupima na kutibu usikivu. Nilinyamaza kwa fahari. Nilikuwa nimekuzoea ukisema habari za sheria, kisha za kemia, na sasa binti yangu alikuwa amesimama mbele ya watu akiwa na hakika. Mpango huo wa ufadhili kwa watoto wa wanajeshi umekuwapo tangu mwaka 2001, wanaowania nafasi ni wengi, na dola 2,000 hawampi mtu kwa kuwa baba yake alivaa sare. Ulizipata kwa alama zako na kwa kalamu yako. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, kwa sababu yanayofuata yanaweza kuonekana kwako kama lawama.

Kinachonikosesha usingizi ni aya ya tatu ya insha. Umeandika kwamba baba yako aliipa nchi masikio yake, na kwamba wewe umeamua kutumia maisha yako kuwarudishia watu kama yeye kile walichokitoa. Ni maneno mazuri, na naelewa kwa nini waliokuwa wakisoma waliyapenda. Lakini nakuuliza, mwanangu, na nataka jibu la kweli wala si la adabu: kazi hii umeichagua mwenyewe, au unalipa deni?

Sina neno baya juu ya kazi yenyewe. Mlio masikioni ndio ulemavu unaoongoza kwa idadi kati ya yote ambayo Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu huyalipia fidia, na idara hiyo ni miongoni mwa waajiri wakubwa wa wataalamu wa usikivu nchini Marekani, kwa hiyo hutakosa kazi. Nimewaona wataalamu hao wakifanya kazi zao. Yule wa mwisho niliyeonana naye alinifungia katika kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanipa kitufe mkononi, akaniambia nibonyeze kila nitakaposikia mlio hata uwe mwembamba namna gani. Kupitia kioo nilimwona akigeuza vidude vyake, nikajua kuna sauti zinazopita ambazo sizisikii, na kwa haya nikabonyeza mara mbili bila kusikia kitu. Aligundua. Alitoka, akaketi mbele yangu mahali ninapoweza kuuona uso wake, akanieleza taratibu kwamba milipuko huharibu kwanza sauti za juu, zile za s na f, na ndiyo maana sauti za wanawake na watoto hutangulia kumpotea mtu. Ukisema "safi", mimi hufikiwa na irabu mbili tupu. Miaka yote nilidhani ninyi ndio mnaosema ndani ya meno, na niliwakemea kwa hilo. Mtaalamu huyo alikuwa na subira ambayo haifundishwi kwa sababu ya baba wa mtu. Ukiwa nayo subira hiyo, basi nenda, utakuwa bora kuliko wote. Ukiwa huna, usiende kwa ajili yangu.

Tena kuna jambo katika insha ambalo si sahihi, nami siwezi kuliacha likutangulie chuoni. Masikio haya sikuyatoa kama unavyotoa zawadi. Vizibo vya masikio tulipewa. Kule Iraq mwaka 2007 vyangu vilikaa mfukoni mara nyingi kuliko vilivyokaa masikioni, kwa sababu nilitaka kuwasikia vijana waliokuwa chini yangu, na kwa sababu hakuna sajenti aliyetaka kuonekana mwoga wa kelele. Hata baadaye, kwenye viwanja vya kulengea shabaha vya hapa hapa nyumbani, ambako hapakuwa na adui wala haraka, sikuvivaa. Sehemu moja ni vita, sehemu nyingine ni ukaidi wangu, na sijui mpaka uko wapi.

La pili ni zito zaidi. Wewe umeandika kwamba ulikua ukirudia kila sentensi mara tatu mezani. Ni kweli, ulirudia. Ila si kila mara niliponyamaza nilikuwa sikusikia. Zilikuwapo jioni nilizosikia vizuri, na nikaona ni rahisi kuendelea kutazama sahani. Mama yako amelijua hili siku nyingi. Sikuwahi kudhani kwamba mtoto aliyekaa upande wa pili wa meza angetengeneza taaluma kutokana na ukimya ule, akiamini wote ulikuwa ugonjwa.

Kwa hiyo narudi pale pale: je, ungeichagua audiolojia kama baba yako angekuwa mwashi mwenye masikio mazima?

Najua deni hilo umelitoa wapi. Mwaka 2010 nilipotia sahihi kuwahamishia ninyi mafao yangu ya masomo, yale ya Post-9/11 GI Bill, sheria ilimtaka askari awe ametumikia miaka 6 na akubali kuongeza 4 juu yake. Nikakubali. Ndani ya miaka hiyo minne ndipo nilipopelekwa Afghanistan mwaka 2012, na mengine ya kipindi kile unayajua. Nilipokuwa nimeudhika niliwaambia wewe na kaka yako kwamba nimeiuza miaka yangu minne kwa ajili ya karo zenu. Nilisema mara nyingi. Sasa nayakuta maneno hayo yameandikwa kwa kalamu yako, yakiwa yamepambwa na kuheshimiwa, na natamani nisingekuwa nimeyasema hata mara moja. Jeshi nililipenda. Ningebaki hata kama nisingekuwa na mtoto.

Ukiniuliza mbona kaka yako alipata miezi mingi ya mafao hayo na wewe michache, sina jibu la kukuridhisha. Miezi yote ni 36. Yeye alikuwa mkubwa, mimi nikadhani mvulana ndiye aliyehitaji kusukumwa, nikamwandikia karibu yote na wewe nikakuachia mwezi mmoja ili jina lako liwemo tu. Ametumia 20 na ameacha chuo, na sitaki umseme kwa hilo, maana anafanya kazi ya halali na analala nyumbani kwake. Ule mwezi mmoja ndio umetuokoa, kwa kuwa aliyeandikwa kabla ya askari kustaafu anaweza kuongezewa baadaye. Asiyeandikwa kabisa hawezi. Iliyobaki 16 nimekwisha kuihamishia kwako na kibali kimetoka. Itakufikisha karibu na mwisho wa mwaka wa pili ukianza kuitumia sasa. Lakini hesabu hii uifanye mwenyewe: audiolojia haiishii kwenye shahada ya kwanza, bali hudai shahada ya udaktari ambayo kwa kawaida huchukua miaka 4 zaidi, na mtoto aliyehamishiwa mafao hayo hawezi kuyatumia baada ya kutimiza miaka 26. Huenda ikafaa uanze kwa ufadhili na ruzuku nyingine, miezi ile ukaiweka akiba. Huenda isifae. Nenda kwa washauri wa chuo, usinitegemee mimi kwa hili, kwa maana nimekwisha kukosea mgawanyo mmoja.

Ziko hizo dola 2,000 pia. Waulize watu wa ofisi ya misaada ya fedha, tena waulize kwa barua pepe ili jibu libaki kwenye maandishi, kama watapunguza ruzuku ya chuo kwa sababu umepata ufadhili wa nje. Vipo vyuo vinavyofanya hivyo. Na sehemu yoyote ya ufadhili itakayokwenda kwenye malazi na chakula badala ya karo na vitabu huhesabiwa kuwa mapato na hutozwa kodi, kwa hiyo tunza risiti. Wewe hutunzi risiti, nimekusema juu ya hilo tangu ulipoanza kushika pesa.

Nimekuwa nikiwafikiria wenzako wa siku ile ya picha. Wanne mlisimama, na wanne mmechagua kazi za kumtengeneza au kumtunza mtu. Labda ni sifa yenu. Watoto waliolelewa kambini hujifunza mapema kumtazama mtu mpya na kujua anahitaji nini, kwani mmekuwa wageni katika madarasa mengi. Serikali hapa imeuweka Aprili kuwa mwezi wa watoto wa wanajeshi, na ua lao ni lile la manjano ambalo mbegu zake hupeperushwa na upepo na kuota popote. Watu hulisema kwa kuwasifu. Mimi nikilitazama huwaza kwamba mbegu hiyo haikuulizwa. Ninyi hamkuulizwa kuhusu Kentucky wala Ujerumani wala Kansas, na ndiyo maana nakusumbua hivi kuhusu jambo la kwanza ambalo umeulizwa.

Kwa hiyo fanya hivi, au angalau lifikirie. Muhula wa kwanza chukua lile somo la utangulizi wa usemi na usikivu, lakini chukua pia moja ambalo halina uhusiano wowote na mimi. Nenda katika kliniki ukaketi pembeni na kutazama, si siku ya wanajeshi wastaafu peke yao. Tazama siku wanapopimwa watoto wachanga, tazama siku anapokuja mzee ambaye kifaa chake kinapiga mluzi na amekasirika. Ukitoka hapo ukiwa umechoka na bado unataka kurudi kesho yake, nitaamini. Ukitaka kurudi kwenye kemia, rudi. Ufadhili hakuna atakayekunyang'anya kwa kubadili nia, na mimi sitakuwa na cha kukudai.

Jana nilipoipindua meza yako ili nifungue miguu, nilikuta chini yake vibandiko vya watu wa kuhamisha mizigo, cha manjano, cha rangi ya chungwa na cha kijani, kila kimoja na namba yake. Cha manjano nakikumbuka. Cha chungwa pia. Cha kijani nilimwuliza mama yako, akanijibu kwamba huo ni uhamisho aliousimamia peke yake wakati mimi nimekwisha kutangulia Ujerumani, na kwamba wewe ndiye uliyeshika orodha ukitia alama kila sanduku lilipotoka mlangoni. Sikuwa nimeambiwa hilo, au niliambiwa.

Kitambulisho chako cha familia ya mwanajeshi usikipoteze. Ukifika miaka 21 utahitaji barua ya msajili wa chuo kuthibitisha kwamba unasoma muda wote, ndipo bima ya matibabu iendelee hadi 23. Weka alama kwenye kalenda tangu sasa. Mama yako amekufungia mablanketi mawili na anasema moja ni la kumpa mwenzako wa chumbani akija bila kitu. Kaka yako ameomba ruhusa kazini Ijumaa ili abebe jokofu dogo, na nakuomba umshukuru kwa maneno, mbele yetu. Kati ya Topeka na Lawrence barabara ni ya kulipia na siku hizi hawapokei pesa taslimu. Ankara itakuja nyumbani kwa namba ya gari, usijisumbue nayo unapokuja kututembelea. Nyanya yako anauliza kila Jumapili utakuwa daktari wa nini hasa, na mimi humwambia angoje.

Nijibu kwa maandishi. Hata ukurasa mmoja unatosha, ila usiandike kama ulivyowaandikia wale wa insha. Skurubu ya nne ya mguu wa meza sikuipata popote, kwa hiyo nimetoa moja ya kabati la jikoni, nayo inashika, ila usiegemee upande wa dirisha mpaka nije na nyingine.

Ni mimi,
Baba yako