Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama wa chama chetu cha watu wanaoishi na VVU, kamwene.

Kwanza tusimame dakika moja tuwakumbuke wenzetu wawili tuliowazika mwaka huu. Mungu awapumzishe.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirudia kwa kirefu. Vikao vya mwezi vilifanyika isipokuwa Machi kwa sababu ya mvua. Shamba la viazi lilitoa magunia 14, mbegu zimehifadhiwa. Tulishiriki Siku ya Ukimwi Duniani Desemba Mosi. Wenzetu tisa walioacha dawa walitembelewa majumbani, sita wamerudi kliniki. Januari, Marekani iliposimamisha misaada yake, mliona wenyewe kwamba baadhi ya wahudumu waliokuwa wakitupigia simu hawakuonekana tena CTC, kliniki yetu ya VVU. Hofu ya dawa kuisha ilienea kijiji hadi kijiji. Nilizunguka kwa nauli yangu kuwaomba watu wasigawane vidonge wala kuruka dozi, na daftari la ziara hizo liko kwa Katibu.

Sasa niseme lile ambalo wengi mmelijia.

Mwezi wa Mei tulitembelewa na watafiti. Walitaka barua ya chama ya kuwaunga mkono, pamoja na wanachama 30 wa kuanzia, na kila hudhurio lilikuwa na posho ya shilingi 20,000. Kamati, kwa pendekezo langu, ilikataa kutia saini hadi wajibu maswali yetu. Walisema watarudi. Hadi leo hawajarudi, na mimi tangu siku hiyo naitwa mtu aliyeziba riziki za watu.

Naomba mnisikilize. Siku walipokuja, fomu ya ridhaa ilikuwa na kurasa 11. Nilimkuta mzee wetu mmoja amekaa kwenye benchi, mkono wake umeshikwa, kidole gumba kimeshachovywa wino wa zambarau, na hata ukurasa wa kwanza haujasomwa wote. Nikamwuliza, "Baba, unajua utatolewa damu mara ngapi?" Akajibu, "Wamesema vipimo vya kawaida tu." Tukafungua ukurasa wa saba: mara tisa ndani ya mwaka mmoja na nusu, na sehemu ya damu hiyo ingehifadhiwa nje ya nchi kwa ajili ya tafiti za baadaye ambazo hazikutajwa. Mzee akakaa kimya, kisha akaomba kitambaa, akafuta kidole. Anaweza kusimama hapa akasema kama naongopa.

Tuliyouliza hayakuwa makubwa. Damu yetu ikikaa huko, nani ataruhusu itumike tena? Mtu akipata madhara, atatibiwa na nani, na kwa muda gani baada ya mradi kufungwa? Kwa nini akina mama wanaonyonyesha wameachwa nje? Na majibu ya utafiti yataletwa lini, kwa Kiswahili, kwetu sisi tuliotoa damu? Swali hili la mwisho nililiandika kwa mkono wangu, kwa sababu tafiti zimeshapita hapa kwetu na sijawahi kuona hata karatasi moja ikirudi.

Wapo waliosema sisi ni nani wa kuwahoji wasomi. Ndugu zangu, kumbukeni habari ya dolutegravir, dawa ya kufubaza VVU. Mwaka 2018 taarifa za awali kutoka Botswana zilionyesha hofu ya ulemavu kwa watoto ambao mama zao walikuwa wakiitumia dawa hiyo walipopata mimba. Nchi nyingi zikawawekea vizuizi wanawake wote wa umri wa kuzaa, hata wasio na mpango wa kuzaa. Wanawake wa Afrika wanaoishi na VVU wakakutana Kigali mwezi Julai mwaka huo huo, wakadai waelezwe ukweli wote na waachiwe kuchagua wenyewe. Watafiti nao wakaendelea kuhesabu watoto waliozaliwa, ikaonekana hatari ni ndogo sana kuliko ilivyodhaniwa mwanzo. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Dawa hiyo ndiyo imo ndani ya TLD, kidonge mnachomeza kila siku.

Na kuhusu akina mama kuachwa, inawezekana kabisa kuwahusisha. Utafiti wa lenacapavir, sindano ya kujikinga na VVU inayochomwa mara mbili kwa mwaka, ulifanyika Afrika Kusini na kwa jirani zetu Uganda. Wasichana wa miaka 16 na 17 walikuwemo, na aliyepata mimba hakuondolewa: alielezwa upya, akitaka akaendelea. Majibu yalitoka 2024. Kati ya wanawake 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Kwa hiyo sikatai utafiti. Nautaka, tena ulio bora. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 uliuweka mkoa wetu wa Njombe juu kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima wana VVU, wakati taifa ni 4.4. Watafiti watakuja tena na tena, na lazima wakute watu wanaouliza.

Niseme na la kwangu. Miaka ya nyuma niliacha ARV miezi minne kwa kuahidiwa dawa ya mitishamba. Sikuuliza swali hata moja. Waliobaki katika waanzilishi wanakumbuka nilivyobebwa kwa machela. Mama mmoja aliniambia usoni, "Mwenyekiti, ile elfu ishirini ilikuwa sare ya mwanangu." Maneno yale yaliniuma na bado yananiuma. Lakini saini yangu singeiweka.

Wanaodai Kamati iliamua kwa siri wakumbuke kwamba kikao cha wote kiliitishwa siku nane kabla, ujumbe ukatumwa kwa kila simu. Wanachama tuko 86. Akidi ni theluthi, yaani 29. Walifika 17. Tulisubiri hadi saa nane mchana, tena na baridi ile. Katiba inairuhusu Kamati kuamua akidi isipotimia, na mihtasari ipo. Hao wanaosema sana leo, majina yao hayamo katika mahudhurio.

Ada nayo inasikitisha. Shilingi 12,000 kwa mwaka ni elfu moja kwa mwezi. Waliomaliza ni 31, waliolipa nusu 19, na 36 hawajatoa hata senti. Tulipata 486,000. Pango la chumba 240,000, rambirambi 100,000, nauli za ziara 90,000, karatasi 16,000. Zimebaki 40,000. Ziara zangu nyingine hazimo humo, sikuzidai.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kupata mwakilishi katika kamati ya ushauri ya jamii ya utafiti wowote utakaokuja, na tukipata mfadhili, mafunzo ya kusoma fomu za ridhaa. Pia tunafikiria kuongeza shamba.

Barua tuliyowaandikia watafiti, yenye maswali yote, ipo mezani kwa Katibu pamoja na daftari la ada. Anayetaka kuisoma aisome kabla hatujafungua mjadala.